Anahesabu hadi kumi, lakini maji hawezi kuomba: usemi baada ya kiharusi

*"Mume wangu ana miaka 59. Miezi minne iliyopita alipata kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikalegea. Mguu umerudi, anatembea na mkongojo, ila kuzungumza kumekataa. Kila anachotaka kusema kinatoka 'hiyo, hiyo'. Cha ajabu, ukianza kuhesabu anakufuata hadi kumi, wimbo anauimba na maneno yake, na akikasirika anatukana vizuri kabisa. Sisi tunaona anaelewa kila kitu, lakini ukimuuliza swali anasema ndiyo, halafu ukifuata hiyo ndiyo anakuja juu. Tumempa kalamu ashike kwa kushoto, anaandika herufi mbili tatu zisizo na maana. Shemeji yangu anasema ulimi umekuwa mzito, apulize maputo na kuunyoosha. Mtaalamu wa usemi tulimwona mara mbili, akatupa karatasi yenye picha, tukaambiwa tuendelee nyumbani. Naogopa picha zitamfanya mvivu wa kusema. Wengine wanatuambia miezi mitatu ikishapita hakuna kinachorudi. Zamani alizungumza lugha mbili, tumzungumzishe ipi? Tufanye nini nyumbani, na kwa muda gani kwa siku?"*

Dada, pole kwa kuuguza. Umeandika karibu kila kitu ambacho mtaalamu angetaka kukijua siku ya kwanza, na lililo kubwa kuliko yote umelitaja kama kituko tu: anahesabu, anaimba, anatukana. Mtu aliyeshindwa na ulimi hawezi hayo. Ulimi ule ule na pumzi ile ile vinavyotoa "moja, mbili, tatu" ndivyo vingetoa "naomba maji", kama ubongo ungevipa agizo. Shemeji yako ana nia njema, ila anakanda mahali pasipouma.

Kwa maelezo yako, hii inaelekea kuwa afasia, yaani lugha yenyewe kuharibika baada ya sehemu ya ubongo kukosa damu. Kwa watu walio wengi, hasa wanaotumia mkono wa kulia, lugha imekaa upande wa kushoto wa ubongo, na upande huo huo ndio unaoendesha mkono na mguu wa kulia. Pigo moja limeviangusha vyote. Takriban mtu mmoja kati ya watatu wanaopata kiharusi huanza na afasia ya kiwango fulani, kwa hiyo hamko peke yenu hata kidogo. Na hilo "hiyo, hiyo" lina historia ndefu: mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alimweleza mgonjwa ambaye kwa miaka mingi alitamka "tan" tu, huku akielewa mengi ya aliyoambiwa. Alipofariki, ubongo wake ulionekana umeharibika upande wa kushoto kwa mbele, na sehemu hiyo hadi leo inaitwa kwa jina la daktari huyo.

Sasa, kwa nini kumi inatoka na maji hayatoki? Kuhesabu ni mnyororo. "Tatu" inaivuta "nne" bila mtu kuchagua chochote. Nyimbo, salamu, siku za wiki na matusi viko hivyo hivyo: vimekaririwa kama kipande kimoja, na upande wa kulia wa ubongo, ambao kwake haukuguswa, unasaidia kuvitoa. Kuomba maji ni kazi nyingine kabisa. Lazima wazo liwepo, neno litafutwe kati ya maelfu, sauti zake zipangwe, kisha kitenzi kipate viambishi vyake. Daraja moja likivunjika, kinachotoka ni kile kilicho karibu na mlango, na kwake ni "hiyo". Kwa sababu hiyo hiyo, matusi yake msiyahesabu kuwa tabia. Hakuyachagua, na mara nyingi anajisikia vibaya yakishamtoka.

Kuna hali nyingine mbili zinazofanana na hii kwa mbali, na huenda mojawapo ipo pamoja nayo. Disathria ni udhaifu wa misuli ya kusemea: maneno ni sahihi na yamepangika, ila yanatoka ya kuburuza au kwa sauti ya puani. Mwenye disathria peke yake ukimpa kalamu anakuandikia barua nzima. Apraksia ya usemi ni pale misuli ina nguvu lakini mpango wa kuisogeza umevurugika. Utaona midomo inatafutatafuta mkao, na neno lile lile linakosewa kwa namna tofauti kila anapolijaribu. Apraksia hufuatana sana na afasia ya aina hii, kwa hiyo muulize mtaalamu wenu swali hilo kwa jina lake. Kuhusu maputo, niseme wazi: hayatibu afasia. Nusu saa ya kupuliza ni nusu saa aliyoikosa kwenye maneno. Anayetaka neno "mlango" lirudi anapaswa kufanya mazoezi ya neno "mlango".

Kalamu nayo imewaonyesha jambo. Watu hudhani asiyeweza kusema ataandika, lakini kuandika kunatumia lugha ile ile iliyojeruhiwa. Herufi zake zisizo na maana hazitokani na mkono wa kushoto kukosa mazoea tu. Wala hazionyeshi kwamba akili imepotea. Afasia haiondoi kumbukumbu ya watu anaowapenda, wala heshima yake, wala uwezo wa kupima jambo. Imemfungia mlango wa kuyatoa.

Kuhusu kuelewa, hapo nitakupinga kidogo. Familia nyingi husema "anaelewa kila kitu", na nyingi hukosea kwa sehemu, kwa sababu katika maisha ya kila siku maneno hayaji peke yake. Ukimwambia "twende tukaoge" umeshika taulo, taulo limeshasema. Jaribu hivi akiwa ametulia: kaa mbele yake, mikono mapajani, macho usiyaelekeze popote, umwambie "gusa sikio". Akiweza, ongeza: "gusa pua, halafu fumba macho". Akiweza na hilo, jaribu sentensi ambayo maana yake imebebwa na sauti moja ndogo: "Ali alimpiga Juma. Nani aliumia?" Kisha: "Ali alipigwa na Juma. Nani aliumia?" Aonyeshe kwa kidole kwenye majina au picha za watu wawili. Wengi wenye afasia ya aina yake hupita vizuri kwenye sentensi ya kwanza na kujikwaa kwenye ya pili, kwa sababu ile "w" ya kutendwa inawaponyoka. Akijikwaa, usimkosoe. Umejua tu kwamba sentensi ndefu zilizofungamana zinampita. Badala ya "yule aliyekuletea kile kitabu ulichokuwa unakisoma ameshaondoka", utasema: "Mgeni alikuja. Ameleta kitabu. Ameondoka." Sauti yako iwe ya kawaida, ya mtu mzima kwa mtu mzima. Kupaza sauti hakusaidii, labda kama masikio yana shida, na masikio yapimwe kweli, pamoja na macho. Baadhi ya waliopigwa upande huu hupoteza pia sehemu ya kulia ya wanachokiona. Ukiona anaacha vitu vilivyo kulia kwake, panga picha kwa wima, moja chini ya nyingine, katikati au kushoto kidogo.

Na ile "ndiyo" inayoleta ugomvi? Ndiyo na hapana huchanganyika sana kwenye afasia: anajua anachotaka, neno linalotoka ni lile jingine. Lugha yetu nayo inaongeza mtego wake. Ukimuuliza "hutaki kuoga?", ndiyo yake ina maana gani: ndiyo sitaki, au ndiyo nataka? Hata mzima mmoja angekuacha unakisia. Acheni kabisa maswali ya kukanusha. Ulizeni "unataka kuoga?", na mbele yake pawe na kadi moja yenye alama ya vema (✓) upande mmoja na ya mkasi (X) upande wa pili, au mkubaliane dole gumba juu na dole gumba chini. Kisha hakikisha kwa kugeuza: "kwa hiyo unataka kupumzika kwanza?" Majibu mawili yakigongana, usilazimishe, leta vitu vyenyewe aonyeshe.

Nije kwenye miezi mitatu. Hilo limechanganya ukweli na uongo. Ni kweli kwamba wiki za mwanzo hadi karibu miezi mitatu ndipo kupona huenda kasi, kwa sababu uvimbe unashuka na sehemu zilizokuwa zimezirai bila kufa zinaamka. Baada ya hapo mwendo unapungua, lakini haufiki ukutani. Sehemu jirani za ubongo, na kwa kiasi fulani upande wa kulia, huendelea kujifunza kazi mpya, ila sasa hazijifunzi kwa kungoja, zinajifunza kwa kutumiwa. Utafiti uliofanyika Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2017 uliwachukua watu 156 ambao kiharusi chao kilikuwa kimepita miezi sita au zaidi, ukawapa tiba ya usemi saa 10 au zaidi kwa wiki kwa wiki 3. Mawasiliano yao ya kila siku yaliboreka, wakati wenzao waliokuwa wakisubiri zamu hawakuboreka. Mumeo yuko mwezi wa nne. Bado ni mapema.

Kitakachorudi, na kwa kiasi gani, hakuna anayeweza kukuapia. Ukubwa wa jeraha na ukali wa afasia ya mwanzo vina uzito mkubwa. Kuelewa kwa kawaida hutangulia, kusema hufuata. Wengine hurudi kwenye mazungumzo yanayokwama hapa na pale, wengine hubaki na maneno machache wanayoyatumia kwa ustadi pamoja na ishara. Anayekuahidi kwamba atasema kama zamani kwa dawa au mashine fulani, muogope. Hakuna kidonge kilichothibitishwa kuwa tiba ya kawaida ya afasia, na kuusisimua ubongo kwa umeme au sumaku bado kuko zaidi kwenye utafiti.

Muda gani kwa siku? Uchambuzi wa pamoja wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba faida kubwa ya jumla ilionekana kwa waliopata kati ya saa 20 na 50 za tiba, zikigawanywa siku kadhaa za wiki. Mara mbili mlizokwenda bado hamjafika hata robo ya mwanzo wa hiyo safari, na sitaki uondoke ukidhani tiba mliijaribu ikashindwa. Kwa nyumbani, anza na dakika 20 asubuhi akiwa hajachoka na dakika 20 jioni, siku 5 kwa wiki. Akianza kukosea maneno aliyoyapata dakika kumi nyuma, ubongo umechoka. Funga hapo hapo, hata kama ni dakika ya 12.

Chagua maneno 10, usizidishe mwanzoni. Yawe maneno ya maisha yake: jina lako, majina ya watoto, maji, choo, simu, miwani, kikombe, na mawili ya kitu anachokipenda. Kabla ya kufundisha lolote, mpime kwa siku tatu: onyesha kitu, subiri sekunde 10, andika kama amekipata au hakupata. Bila karatasi hiyo, mwezi ujao mtabishana kama kuna maendeleo.

Zoezi lenyewe liende hivi, tuseme kwa kikombe. Weka kikombe halisi mbele yake. Nyamaza sekunde 10. Hizo sekunde ni ndefu kuliko unavyodhani, na kazi yako ngumu kuliko zote itakuwa kuzivumilia bila kumdokeza. Asipopata, mzungushe kwenye maana kwanza: "Tunafanyia nini hiki?" aonyeshe kwa mkono, "kinakaa wapi?" aelekeze. Kupitia maana kunaamsha majirani wa neno, na neno huitika kirahisi majirani wakiwa macho. Kisha sentensi isiyomalizika: "mimina maji kwenye..." na uso wako umngojee. Bado? Mpe mwanzo wa neno, na hapa kuna kosa ambalo familia zetu hulifanya kila siku. Humwambia "ki..." wakadhani wamemsaidia. Kiti, kisu, kitabu, kijiko, kitanda, vyote vinaanzia hapo, kwa hiyo umempa mlango wa jengo zima bila namba ya chumba. Mpe "kiko...", silabi mbili, ndipo anapata kitu cha kushika. Vivyo hivyo kwa "m..." ya mlango, mkono, mguu na mfuko. Ikishindikana kabisa, aangalie midomo yako, mseme pamoja "kikombe" mara tatu polepole, kisha aseme peke yake.

Msiishie hapo, maana kurudia baada yako hakujajenga mengi. Subiri sekunde 5, muulize tena. Amepata? Subiri nusu dakika. Kisha ingiza neno jingine katikati, urudi kwenye kikombe. Akikosa, punguza umbali hadi pale alipopata, uanze kuurefusha upya. Mwisho, neno lifanye kazi: weka kikombe na kijiko mbali naye, yeye ndiye mwenye kuomba, na wewe unamletea hasa alichokitaja. Akisema "kijiko" akimaanisha kikombe, mletee kijiko. Mtacheka, naye atajaribu tena, na jaribio hilo lina thamani kuliko kurudia mara hamsini.

Utakutana na jambo hili: amepata "kikombe", unaonyesha miwani, anasema "kikombe", simu, "kikombe". Neno limemganda. Wala hafanyi makusudi. Ukiendelea kumuuliza unalikandamiza ndani zaidi. Ondoa vitu vyote mezani, kaeni kimya sekunde 15 au ongelea jambo lingine, kisha rudi na kitu kisichofanana kabisa. "Hiyo, hiyo" yake ishughulikie kwa namna hiyo hiyo: inua mkono taratibu kama alama ya kusimama mliyokubaliana, avute pumzi, aanze upya.

Baada ya wiki mbili tatu ongeza vitenzi, kwa sababu kitenzi ndicho uti wa mgongo wa sentensi. Navyo msivifundishe kwa "ku-", maana kula, kulala, kuoga na kufungua vinaingia kwa mlango mmoja kama vile vya "ki-". Tumia umbo la amri: fungua, leta, lala, zima. Chukua "fungua", muulize nani anafungua nini, naye atafute jozi: mtoto na mlango, daktari na faili, fundi na redio. Jozi tatu zinatosha kwa kikao. Zoezi hili huvuta maneno mengi kwa kamba moja. "Nitakuletea" liache kwanza, limebeba nani, lini na kwa nani kwa pumzi moja. Akija kusema "atakuletea" akimaanisha "nitakuletea", pokea maana, mrudishie lililo sahihi kwa utulivu, "ahaa, *nitakuletea*", na mazungumzo yaendelee.

Kwa kuwa anaimba, kuna njia moja inayomfaa mtu kama yeye: kupitisha sentensi fupi kwenye mahadhi. Ilianzishwa Marekani miaka ya 1970, kwa watu wanaoelewa vizuri kuliko wanavyosema. Shika mkono wake wa kushoto, ugonge meza taratibu, pigo moja kwa kila silabi, huku mkivumisha sentensi kwa sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Kiswahili kinakusaidia, kwa sababu mkazo wake uko silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo sauti inapanda hapo: na-TA-ka MA-ji. Kwanza unavumisha wewe bila maneno, kisha mnaimba pamoja, kisha unajiondoa katikati amalize mwenyewe, kisha unamuuliza "unataka nini?" naye ajibu kwa mahadhi yale yale, na mwishowe kwa sauti ya kawaida. Sentensi tano au sita zinatosha kwa mwezi. Ukweli wake ni huu: sentensi zilizofanyiwa mazoezi huboreka, lakini kuzihamishia kwenye mazungumzo huru ni kazi ngumu zaidi. Kumwimbisha nyimbo za zamani peke yake kunafurahisha na kuchangamsha, ila hakutamfundisha kuomba maji.

Programu za simu za kutaja picha zina nafasi yao, na zina mpaka. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019 uliona kwamba waliojifanyia mazoezi kwa kompyuta walipata maneno waliyoyafanyia kazi, lakini mazungumzo yao kwa jumla hayakubadilika. Ndiyo maana nusu ya tiba iko nje ya vile vipindi viwili vya dakika 20, katika namna mnavyozungumza naye mchana kutwa.

Na hapo ndipo karatasi ya picha inapoingia. Hofu yako kwamba itamfanya mvivu inaeleweka, lakini haiungwi mkono na tunayoyajua. Mtu anayefanikiwa kueleweka hujaribu zaidi, anayeshindwa kila mara hunyamaza. Tatizo la karatasi nyingi ni kuwa zina picha za watu wasiojulikana na vikombe ambavyo si vyake. Piga picha zako mwenyewe: chumba chenu, watoto, dawa zake, viatu vyake. Sita kwa ukurasa, siyo thelathini. Na karatasi mtumie nyote. Akiona ni ya mgonjwa peke yake, ataiweka chini ya godoro.

Chukua mfano. Anakuja anapunga mkono, "hiyo, hiyo, hiyo!" Usianze kukisia mfululizo "njaa? choo? redio?", kila kisio linafuta neno alilokuwa analitafuta. Zima televisheni, kaa, chukua kalamu. "Ni mtu au ni kitu?" Andika MTU na KITU kwa herufi kubwa, soma kila moja ukigusa. Anagusa MTU. Andika: MTOTO, NDUGU, DAKTARI, MWINGINE. Anagusa DAKTARI. "Ni leo, au siku nyingine?" Anagusa SIKU NYINGINE, anashika kalenda. Funga kwa kurudia yote: "Unaniuliza siku ya kurudi kwa daktari. Nimeelewa?" Dole gumba juu. Dakika mbili zimepita, hakutamka neno sahihi hata moja, na mmezungumza. Lile chaguo MWINGINE usilisahau kamwe, ndilo linalomwokoa pale wewe hukufikiria jibu lake. Siku mkishindwa, sema: "Najua unajua. Tupumzike, tutarudi." Na mrudi kweli.

Waombe wanawe waache mtihani wa "huyu ni nani? sema jina lake!" mbele ya wageni. Anajua ni nani. Mtu mmoja aseme kwa wakati mmoja, na wasimalizie maneno yake asipoomba.

Lugha ipi? Mara nyingi lugha mbili hurudi kwa kulingana, kila moja kwa kipimo chake cha zamani, ingawa wapo ambao moja hutangulia. Tumieni ile mnayoishi nayo nyumbani, ndiyo atakayoisikia na kuihitaji zaidi. Neno likimjia kwa lugha ya pili, lipokeeni. Kumpiga marufuku lugha moja ili "asichanganyikiwe" hakuna faida.

Pamoja na haya yote, rudini kwa mtaalamu wa tiba ya usemi. Nyumbani hamwezi kutenganisha afasia na apraksia, wala kujua lini ngazi ipandishwe. Kama wa karibu ana nafasi mara moja tu kwa wiki, muombe akufundishe wewe: afanye zoezi ukimwangalia, kisha ufanye akikuangalia, akuachie malengo mawili yaliyoandikwa, na mpimane upya baada ya wiki 6. Kama yuko mbali, vikao vya video ni njia nzuri ya kuziba pengo, mradi wewe uwe pembeni yake. Mwende na ile karatasi ya vipimo vya siku tatu.

Yapo ya kutongoja miadi. Akipaliwa anapokunywa maji, sauti ikawa ya majimaji baada ya kumeza, akapungua uzito au akawa na homa na kikohozi kinachojirudia, huenda chakula au maji vinaingia njia ya hewa, na nimonia iko karibu. Apimwe namna anavyomeza, na mjue kwamba wengine vinawapita kimya bila hata kukohoa. Akikosa usingizi, akakataa chakula, akaacha kutaka hata mambo aliyoyapenda kwa wiki mbili, mwambie daktari. Sonona huwapata wengi baada ya kiharusi, inatibika, na mwenye afasia hawezi kukutamkia. Usemi ukizidi kupungua polepole mwezi hadi mwezi, huo siyo mwendo wa kiharusi kilichotulia, achunguzwe upya. Na usemi ukikatika ghafla, uso ukapinda, mkono ukaanguka, au akapata kifafa, ni hospitali saa hiyo hiyo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, kwa hiyo tazama saa na ukumbuke ni lini alionekana mzima kwa mara ya mwisho.

Mwisho, mtengenezee kadi ya mfukoni, ya kuwaonyesha watu anapotoka peke yake. Mwandikie hivi, kwa herufi kubwa: *Nilipata kiharusi. Akili yangu ni timamu. Naelewa ukisema polepole, sentensi fupi. Kusema kunanipa shida. Nipe muda, niulize maswali ya ndiyo au hapana, nitakuonyesha kwa kidole.* Nyuma yake weka namba yako ya simu. Kisha mkae naye kwenye kikao cha jioni, ajizoeze kuitoa mfukoni kwa mkono wa kushoto.